Mabango ya Mwalimu Loisi

Saa tisa alasiri Mwalimu Loisi alitundika bango kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, mbele kidogo ya Ihumwa. Chuoni alikuwa akifundisha kwamba mabango jukwaani yanatokana na Mjerumani mmoja, mtunzi wa tamthilia, aliyetaka mtazamaji aambiwe mapema litakalotokea, asiishie kulia tu, atumie akili. Loisi alimwamini Mjerumani huyo kwa miaka ishirini. Kisha ofisi moja ya ardhi ikamwomba mchezo wa kusifia upimaji wa viwanja, akauandika kwa siku nne.

Watu walikuja, wakasaini karatasi ya mahudhurio, wakapewa soda. Bila saini hakuna soda, ndivyo mikutano ilivyo. Loisi alijua karatasi ile ingebandikwa nyuma ya waraka wa kukubali kuhama kupisha viwanja. Aliambiwa wiki iliyotangulia, akaendelea na mazoezi.

Bango lilisema KILA MTU ATAFAIDIKA. Mwigizaji wa kwanza alipofungua kinywa, herufi zilishuka chini, zikajipanguza vumbi, zikapanda tena: KARATASI MLIYOSAINI INAWAHAMISHA. Mwandiko ulikuwa wa Loisi mwenyewe.

Watu wakasoma. Wasiojua kusoma wakasomewa. Evodia, mama mtu mzima mwenye mizabibu robo eka nyuma ya ofisi, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hilo ni la kwenye mchezo au ni letu?"

Loisi alimtazama. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na jibu la kweli alikuwa nalo.

"La kwenye mchezo, mama."

"Haya."

Herufi zikashuka mara ya pili, zikapanda: MWALIMU ANADANGANYA. Wakacheka sana, wakapiga makofi. Mzee mmoja alisema hawajawahi kuletewa igizo lenye mabango hodari namna hiyo. Waigizaji wakaendelea mpaka mwisho, wakainama, na bango halikubadilika tena.

Watu walipoanza kutawanyika, Evodia alimfuata Loisi kwenye meza ya kusainia.

"Mmetufungua macho kweli, mwalimu. Sasa, mume wangu, baba Fabian, yuko shambani anapogoa, hakuwahi. Naweza kumsainia, nimpelekee soda yake?"

Upepo ulikuwa umeanza kuvuma. Loisi akampa kalamu, akamshikia karatasi isipeperuke.