Kishimo cha Bi Safi

Dawa ya mwisho ikishatiwa ni kusubiri dakika kumi na tano, na Bi Safi alikuwa amezisubiri miaka mingi bila kuhangaika na saa. Leo macho hayakubanduka ukutani. Mkuu wa maabara alikuwa chumba cha pili, akiwaahidi wakubwa kwenye simu kwamba majibu ya damu za watu wa mtaa watayapata kabla ya saa sita.

Trei ilikuwa na vishimo tisini na sita, kila kimoja na damu iliyochujwa ya mtu mmoja. Kikigeuka njano, kina kingamwili, yaani mwenyewe aliumwa wiki chache zilizopita na mbu mwenye kile kirusi kinacholemaza watoto tumboni. Kishimo cha mwisho ni cha kulinganishia. Humo hutiwa damu iliyo safi kwa hakika, nacho lazima kibaki cheupe, la sivyo trei nzima ni kazi bure. Chupa ya damu hiyo ilikwisha juzi. Bi Safi hakumuuliza mtu, alijitoa damu mwenyewe. Si ndiyo maana wenzake walimpa jina hilo? Kila alipopimwa alitoka safi, akatamba kwamba mbu wamemsusa.

Kishimo cha mwisho kikaanza kugeuka njano.

Angeweza kukimwaga, akatia maji, akaandika cheupe, na mkuu angesaini bila kuinua macho. Pipeti, kile kijirija cha kunyonyea, alishaishika. Lakini vishimo vingi vya jirani vilibaki vyeupe kabisa, kwa hiyo dawa haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa damu yake. Hapo ndipo hofu yenyewe ilipomshika, akaiweka pipeti chini na kwenda chumba cha pili.

Alieleza yote amesimama. Mkuu, mama asiyejua kupayuka, alikata simu.

"Mdogo wako bado anakaa kwako?"

"Tunalala kitanda kimoja. Ana mimba ya miezi mitatu."

"Na neti?"

"Ina tundu."

Mkuu hakugomba. Alitoa kichupa kitupu cha kutilia damu kwenye droo, akaandika tarehe, akaacha nafasi ya jina. Kisha akamsogezea simu.

Mdogo wake alipokea akicheka. Kabla hajaambiwa neno, aliuliza kama leo dada atakumbuka kuja na uzi wa kushonea neti.