Nzi wa Ndani ya Wavu

Nchagwa alikuwa bado ameubana msumari wa mwisho kwa midomo alipogundua kwamba nzi walikuwa upande wa ndani.

Alikuwa juu ya stuli, nyundo mkononi, akikaza kipande cha chandarua kuukuu kwenye dirisha la chumbani. La sebuleni lilikuwa limekwisha, na mlangoni alikuwa ametundika pazia zito. Aliziba kila mahali alipodhani nzi angepita. Na bado hawa walitambaa juu ya wavu kutokea chumbani, wakitafuta pa kutokea.

"Mura, ndugu yangu, umewafuga?" Jirani yake, Maranga, alikuwa amekuja kuwafungulia ng'ombe wake, waliolala zizini hapa, waende malishoni. "Utaanza kuwakama lini?"

"Cheka tu. Jerusha anakuja na mtoto."

"Anakuja kweli?"

Nchagwa alitoa msumari mdomoni, akaupigilia.

Likizo ya Aprili binti yake hakukaa. Mjukuu, Gati, aliharisha mpaka macho yakaingia ndani, na nzi walikuwa wametanda juu ya kikombe chake cha uji kama mbegu za papai. Jerusha akafunga mizigo, akarudi Homa Bay anakoshona nguo. Juzi alipiga simu.

"Tata, sijakukataa. Shule zikifungwa tutakuja. Lakini nikikuta nzi vile tena, tutalala kwa shangazi kule Awendo."

Kulala Awendo, na kwa babake kupo. Neno hilo lilimkaa kifuani kuliko tusi.

Ng'ombe walipoondoka, alishuka stuli akaanza kutafuta, kona baada ya kona. Nyuma ya mlango alikuta ndoo iliyofunikwa gunia bichi. Alikuwa ameisahau. Marehemu mkewe, Robi, hakumpokea mgeni kabla ya kukandika sakafu kwa kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na majivu: mkono wa kwanza, kikauke, kisha wa pili. Nchagwa alikandika mkono wa kwanza, halafu mgongo ukamshika. Kilichobaki alikifunika kisikauke.

Aliinua gunia. Chini yake funza weupe walikuwa wakijipinda, na pembeni kulikuwa na vitu vya kahawia, kama punje za mtama mwekundu. Alidhani ni mtama kweli. Alipasua kimoja kwa ukucha. Ndani alilala nzi mweupe, mabawa yamekunjwa, macho tayari.

Alikaa chini kando ya ndoo. Kumbe alikuwa amemfungia mlango mgeni aliyekwisha kuingia.

Aliitoa ndoo nje, akachimba shimo, akafukia yote na kushindilia udongo. Kisha akachukua kijiti, akaenda zizini. Lundo la samadi lilimfika kifuani. Kwa watu wake, lundo kubwa lilikuwa heshima. Mpita njia aliliona akajua hapa pana ng'ombe. Alichokora pembeni, palipokauka: hakuna kitu. Akachokora katikati, pabichi na pa moto, na punje zikamwagika nyingi.

Ng'ombe wake mwenyewe walikwisha wakati wa ugonjwa wa Robi. Baada ya mazishi, waombolezaji walipotawanyika, alikwenda kwa Maranga akamwomba ng'ombe wake wawe wanalala hapa. Alisema ua wake ni imara zaidi. Hakusema kwamba bila pumzi nyingine karibu hapati usingizi, na kwamba akisikia wakicheua, hulala.

Aliijaza wilbaro samadi mbichi, akaenda kuitandaza tabaka jembamba shambani, juani, ikauke.

Alasiri Maranga alirudi na kundi. Nchagwa alisimama langoni.

"Leo walale kwako."

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Wanaacha kinyesi kibichi kila asubuhi, na mgongo wangu hauwezi kukizoa kila asubuhi. Nzi wanazaliwa humo."

"Wewe ndiye uliyeniomba, lakini."

"Ndiyo."

Maranga aliwatazama ng'ombe, akamtazama yeye. "Basi utalala na nani, mzee?" Alianza kucheka, kicheko kikamfia njiani. "Haya. Mtoto akiondoka, watarudi."

"Akiondoka," Nchagwa alisema, na neno hilo hakulipenda.

Ng'ombe mmoja, mwenye baka jeupe, aliweka kichwa langoni kama kawaida. Ilibidi Nchagwa amsukume mwenyewe kwa kiganja, polepole, mpaka akageuka.

Alirudi kwenye beleshi. Jua lilipozama, nusu ya lundo ilikuwa imeondoka. Nusu nyingine ilifuka mvuke pale alipoikata. Alitia wilbaro moja tena, akashindwa kuiinua, akaiacha hapo hapo. Kesho angeanzia upande huu mbichi, na sakafu ingesubiri.

Aliosha mikono kwa majivu. Kutoka kwa Maranga ndama alilia mara moja, akanyamaza. Nchagwa alibaki amesimama, maji yakidondoka vidoleni, akisikiliza kama atalia tena.