Kadi ya Verity

Sikufuta kitu. Nilimwambia Verity, nikamwambia mwalimu Ogden, nikaliambia na darasa zima la filamu, na bado wote walinitazama kama paka aliyekutwa jikoni na maziwa mdomoni.

"Kadi ya kamera ilikuwa kwako wikiendi nzima, Tansy," Verity alisema. "Naifungua, nachungulia mwanzo wa kila kipande, nakuta takataka tupu. Miguu ya meza, birika, mbwa anajikuna. Bibi yangu anaigiza siku nzima, na hakuna hata kipande kimoja! Kafuta nani, mbwa?"

"Muulize mbwa."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Filamu za mtihani zilikuwa zinakusanywa Ijumaa, na bila alama zile nafasi yake ya chuo kikuu ingeota mbawa. Mimi yangu nilishaipeleka, na mwalimu alikuwa ameiponda mbele ya wote. Basi sababu wakaipata bila kuitafuta: wivu. Na mimi nilimshuku yeye, sisemi uongo. Nilijiambia huyu kaharibu kazi mwenyewe, sasa anatafuta wa kumbebesha.

"Halafu mlikuwa mnanong'ona na bibi," akaendelea. "Nikiingia jikoni, kimya! Mlikuwa mnanisengenya?"

Hapo nikanyamaza, na kunyamaza kukanimaliza. Kunong'ona tulinong'ona. Verity alikuwa ametoka kumfungia mbwa nje, Bibi Glenys akanishika mkono. Aliniambia maneno ya filamu hayamkai kichwani, wala si hayo peke yake. Wiki ile alisimama nje ya duka la mikate asijue njia ya kurudi kwake. Daktari alishamwambia ni ugonjwa gani. "Usimwambie mpaka amalize mitihani, mwanangu. Akijua ataacha masomo aje kunilinda. Namjua huyo, nimemlea tangu mama yake afe." Nikamwapia. Sasa niseme nini mbele ya darasa?

"Hatubishani," alisema mwalimu Ogden, macho kwangu. "Kadi yote tunaitazama hapa hapa. Nikiridhika kwamba umefuta, Tansy, nakupeleka kwa mkuu, na somo hili utalisikia kwa wenzako."

Akachomeka kadi kwenye kompyuta, akazima taa. Ukutani kikapita kitambaa cha vumbi, kisha zikatokea raba za Verity. "Vizuri, bibi, tuko tayari," sauti yake ikasema, kisha "Haya, anza!" na picha ikakatika. Kipande cha pili nacho kilianza na mkia wa neno "kata", bibi akachovya biskuti kwenye chai, darasa likacheka, Verity akasema "Anza!" na picha ikakatika tena.

Mungu wangu. Nikaelewa.

Verity hakubali mtu mwingine abonyeze kamera yake. Mwongozaji ni yeye, mpiga picha ni yeye, mimi kazi yangu ilikuwa kushika taa. Na bibi, asubuhi kabla hatujaanza, aliifuta kamera vumbi kwa kitambaa, kamera ikawaka na kuanza kunasa. Basi Verity aliposema "Anza" na kubonyeza, aliizima. Aliposema "Kata", aliiwasha. Mchana kutwa hakuangalia kile kitaa chekundu cha kunasa hata mara moja, maringo tu! Hakuna aliyefuta. Bibi anaigiza kamera imelala, anapumzika kamera iko macho.

Nilitaka kuruka kwa furaha. Nimeokoka! Nikafungua mdomo nimchambe Verity mpaka akome.

Kipande cha tatu kikaanza. "Namtoa huyu mbwa," akasema Verity, na mlango wa jikoni ukafungwa. Ukutani, mkubwa kuliko ubao, Bibi Glenys akageuka upande wangu na kuunyosha mkono.

Miguu ilitangulia akili. Niliichomoa kadi, nikaikunja kwa vidole vyote mpaka ikavunjika.

Taa ikawashwa. Ningewaeleza habari ya kitufe, nani angeamini, na ushahidi ninao mkononi vipande viwili?

"Kumbe ni wewe," Verity akasema, sauti imemkauka.

"Ni mimi," nikasema. "Nilikuonea wivu."

Nilitolewa kwenye somo siku ile ile. Mwalimu akamwongezea Verity wiki moja, na filamu akaanza kuipiga upya.

Jumatatu tukakutana kwenye foleni ya chakula. Nilitaka nipite, akanizibia njia na sinia lake la chipsi.

"Nilimweleza bibi ulichonifanyia," alisema. "Nilidhani atakutetea, maana alikupenda kuliko hata mimi. Unajua alisemaje? Alisema, 'Tansy? Tansy yupi huyo?' Hata jina lako hataki kulisikia. Umelipenda hilo?"

Wiki mbili tu nyuma bibi yule alinifumia soksi.

"Nimestahili," nikamwambia. "Verity, leo ukitoka, usipite popote. Nenda moja kwa moja ukakae naye."

"Usinifundishe kukaa na bibi yangu, we mchawi," akasema, akaenda zake na chipsi zake.