Herufi Mgongoni mwa Mkwe

Mwaka wa pili tangu reli ifike Morogoro, Paskalia alianza kuwafundisha wanawake wa Lukange kusoma wakiwa njiani. Alikuwa amejaribu kwanza kuwaita shuleni, katika kile kibanda cha miti na udongo ambacho mapadri waliwajengea watoto. Siku ya kwanza walikuja wanawake watatu. Siku ya pili alikuja mmoja. Siku ya tatu Paskalia alikaa peke yake na ubao wake. Si kwamba walikuwa wavivu. Asubuhi walikuwa shambani, mchana mtoni na jikoni, na jioni miguu haikuwataka tena. Muda pekee walioupata wakiwa wote pamoja ulikuwa Jumamosi, waliposhuka mlimani na matenga ya maharage, magimbi na kabichi kwenda soko la Morogoro. Ulikuwa mwendo wa saa tatu.

Paskalia alikuwa na miaka kama thelathini. Alisomeshwa na masista tangu akiwa msichana, na sasa alimsaidia Mwalimu Andrea darasa la watoto wadogo. Kazi ya Jumamosi hakutumwa na mtu. Alipokwenda kumweleza padri, padri alimsikiliza, akamwambia kabichi za misheni zisichelewe sokoni, akarudi kwenye vitabu vyake. Paskalia akaichukua hiyo kuwa ruhusa.

Njia ya kushuka Lukange ni nyembamba, watu hupita mmoja nyuma ya mwingine. Paskalia alikuwa ameona jambo moja: kwenye mteremko, tenga la aliye mbele huwa sawasawa na macho ya anayemfuata. Basi alichuna maganda ya mgomba, yale ya ndani yenye weupe, akayakausha na kuyaandika kwa mkaa silabi kubwa kama kiganja. Kila ganda alilifunga nyuma ya tenga. Wanawake wakashuka wakisoma kwa sauti, ba huku, be kule, na Paskalia akikimbia pembeni kwenye majani, mara mbele mara nyuma, kusikiliza nani amekosea. Wakati wa kurudi, njia ikipanda, hakuna aliyeona kitu zaidi ya visigino vya mwenzake. Hapo waliimba tu zile walizosoma asubuhi, kama pumzi iliwatosha.

Baada ya mwezi aliwapima, akakuta kichekesho. Kila mwanamke alijua silabi moja tu, ile ya tenga lililomtangulia, kwa sababu hakuna aliyekuwa akibadili nafasi. Mama Leonard, aliyetembea nyuma ya Agnes wiki zote nne, aliijua “be” kuliko alivyomjua mumewe, lakini “bo” hakuwahi kuonana nayo. Paskalia alicheka peke yake, kisha akaweka utaratibu kwamba kila wakivuka kijito wanasimama na kubadilishana maganda. Vijito vilikuwa sita. Mambo yakaanza kwenda.

Akabaki Bibi Rosa.

Bibi Rosa ndiye aliyekuwa mkubwa wao, na ndiye aliyetangulia siku zote. Alijua jiwe gani linateleza na nyumba gani za kusalimia. Hakuna mwanamke wa Lukange ambaye angethubutu kupita mbele yake, hata Paskalia, na yeye mwenyewe hakutaka kurudi nyuma kama mgonjwa. Kwa hiyo, mbele yake palikuwa na njia tu, na miti, na ukungu. Wenzake wote walikuwa wakisoma nyuma yake, naye hakuwa na cha kusoma.

Na katika wote, ndiye aliyekuwa na kiu zaidi. Mwanawe Stefano alikuwa kwenye kazi ya reli, huko mbele ya Kilosa, na alikuwa akimwandikia. Barua zilizokwisha kufika ni tano. Aliyezisoma ni Mwalimu Andrea, mume wa binti yake Agnes, na hapo ndipo ilipokuwa shida. Andrea alikuwa mkwe. Kwa heshima ya ukwe asingeweza kukaa na mama mkwe wake wakatazamana, sembuse kumsomea barua. Alimsomea Agnes nyumbani kwake, kisha Agnes akaenda kwa mama yake kumweleza. Bibi Rosa aliikunjua karatasi iliyojaa maandishi pande zote mbili, akamsikiliza binti yake, na mara zote tano alisikia maneno yaleyale: Stefano hajambo, anakusalimu sana.

“Karatasi nzima,” alimwambia Paskalia siku moja wakiwa mtoni, “imejaa mpaka pembeni. Hajambo inakula nafasi yote hiyo?”

Paskalia alijitwika mtungi wake. Alitembea na swali lile juma zima, na Ijumaa alikwenda kwa Mwalimu Andrea.

Andrea alikuwa mtu mrefu, mtaratibu, anayefua kanzu yake mwenyewe kwa sababu hakuridhika na weupe wa mtu mwingine. Paskalia alimweleza kwamba mwanamke hawezi kumtangulia Bibi Rosa, lakini mwanamume anaweza. Zamani za vita wanaume ndio waliotangulia njiani na mikuki, na hakuna mama aliyeona amevunjiwa heshima. Alichotaka ni Andrea atangulie Jumamosi, na silabi ziwe mgongoni mwake.

Andrea alisema haiwezekani, yule ni mkwe wake.

“Ndiyo maana nimekuja kwako,” Paskalia alisema. “Hamtatazamana. Utampa mgongo kuanzia hapa hadi Morogoro.”

Andrea alikuwa na sababu moja tu na sasa ilikuwa imemgeuka. Alisema atafikiri. Lakini Agnes alikuwa amesikia kila kitu akiwa jikoni, na yaliyosemwa nyumbani mle baada ya Paskalia kuondoka hayakujulikana, ila Jumamosi alfajiri Mwalimu Andrea alionekana mwanzo wa njia, kanzu yake nyeupe, fimbo mkononi, akitazama bonde kwa makini makubwa ili asimwone mtu. Alisema ni kwa siku moja tu.

Paskalia alimbandika ganda mgongoni kwa miiba ya mndimu. Kabla hawajaondoka, Bibi Rosa, akiwa amegeuzia uso migombani, alisema neno.

“Paskalia, mwulize mwalimu kama huko anakokwenda wanaume hawabebi kitu.”

Andrea akapewa kabichi nane za misheni kwenye mzegazega, nne kila ncha ya mti begani.

Walishuka hivyo. Kati ya mwalimu na mama mkwe wake hapakuwa na hatua mbili, lakini kila neno lilipitia kwa Paskalia, aliyekuwa akihema pembeni. Bibi Rosa alisema, Paskalia, mwambie mwalimu apunguze mwendo, herufi inarukaruka. Andrea akaiambia njia iliyo mbele yake, Paskalia, mwambie mama nitapunguza, ila asiikokote sana ile “i”. Wanawake wa nyuma walikuwa wameacha kusoma zao. Waliziba midomo kwa ncha za kaniki na kufuata, mabega yakitikisika. Hadi wanafika Morogoro, Bibi Rosa alikuwa ameshika silabi kumi na mbili, na Andrea alikuwa amesahau kuona haya.

Alisahau pia kuvua ganda. Alizunguka soko zima na ganda la mwisho mgongoni, “bu” kubwa kama uso wa mtu, na hakujua kwa nini watu wanamwachia njia wakitabasamu. Karani mmoja wa boma, Salum, aliyesomea shule ya serikali, alimfuata nyuma akisoma kwa sauti, “Bu. Bu. Mwalimu Bu,” mpaka wachuuzi wakaitikia. Mwajuma, muuza vitumbua aliyezoeana na wanawake wa mlimani, ndiye aliyemhurumia akaichomoa ile miiba. Andrea alirudi Lukange kwa njia nyingine, peke yake.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Alituma salamu kwamba ana daftari za watoto za kusahihisha. Bibi Rosa alizipokea salamu, akajitwika tenga lake, akatangulia kama zamani kuanzia mlimani hadi sokoni. Nyuma yake wanawake walisoma kwa sauti ya chini. Paskalia aliutazama ule mgongo ulionyooka mbele ya wote na moyo ukamuuma, kwa sababu ni yeye aliyeanzisha jambo hili.

Jumatatu, Andrea akiwa darasani, watoto walianza kunong’ona na kutazama mlangoni. Uani, katika jua, alikuwa amesimama Bibi Rosa. Alikuwa ameligeuzia darasa mgongo, kama adabu ya ukwe ilivyomtaka, na uso ameuelekeza milimani. Akaanza kusoma. Hakuwa na ganda wala karatasi. Alizisoma zile kumi na mbili kutoka kichwani, polepole, kwa sauti ya kuita mtu ng’ambo ya bonde, na kila moja akiiandika hewani kwa kidole ili aliye nyuma yake aone kwamba hakuikariri tu kama wimbo. Alipofika ya kumi alikwama. Alirudia ya tisa, akakwama tena.

Andrea alikuwa na chaki mkononi na hakujua afanye nini nayo. Alikuwa amefundisha miaka saba, watoto waliokuja kwa kusukumwa na baba zao, na hakukumbuka hata mmoja aliyewahi kusimama juani kumwonyesha alichojua.

“Bo,” alisema hatimaye, akiuambia ubao.

“Bo,” alisema Bibi Rosa, akamalizia zilizobaki, akaondoka bila kugeuka.

Jumamosi Andrea alikuwa wa kwanza kufika mwanzo wa njia, na mzegazega alikuwa ameuandaa mwenyewe. Walipokaribia mji hakuvua ganda. Salum alimwona, akaanza maneno yake, na Andrea alisimama akamweleza kwa upole kwamba kama ana nafasi, nyuma yake kuna akina mama kumi na saba na mwalimu mmoja tu wa kukimbia pembeni. Salum alicheka akaenda zake. Baada ya majuma matatu walimkuta akiwangoja kwenye daraja la mto Morogoro, amevaa viatu vya kutembelea, akasema hana hakika kama atakuja kila mara. Alikuja karibu kila mara. Mwajuma naye alianza kupanda hadi kijito cha mwisho kuwapokea, kwa sababu alijua herufi za Kiarabu kutoka chuo cha Kurani cha baba yake na alitaka kuona hizi nyingine zina nini.

Kiangazi kikaisha, vuli ikapita. Silabi zikawa maneno. Bibi Rosa alisoma kuku, kisha kabichi, kisha kitabu, na siku moja aligombana na mwalimu kupitia kwa Paskalia kwamba ameandika “magimbi” bila “m” ya pili, na ilikuwa kweli. Lakini alipokunjua barua za mwanawe hakuona kitu. Mwandiko wa Stefano ulilala upande kama nyasi kwenye upepo. Andrea ndiye aliyemfundisha Stefano kuandika, na mkono ule ulikuwa wake. Bila kumwambia mtu, aliacha herufi zilizosimama, akaanza kuandika maganda kwa mwandiko wa kulala.

Mwezi wa pili, kwenye kijito cha nne, wakiwa wamepumzika, Bibi Rosa alitoa barua kwenye pindo la nguo yake. Ilikuwa ya mwaka uliopita, ile ya pili. Alikaa juu ya jiwe, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akaanza. Wanawake wakatua mizigo. Andrea alibaki amesimama mbele, mgongo umewaelekea, akitazama maji.

Ilichukua muda mrefu. Stefano alimwandikia mama yake kwamba maji ya huko yana chumvi. Kwamba mpishi wao anasonga ugali mpaka mwiko unavunjika. Kwamba garimoshi lilipiga kelele na ng’ombe wa watu wakakimbia siku mbili. Kwamba amenunua viatu vyeusi, vinambana vidole, lakini anavivaa kila Jumapili. Kwamba asubuhi za baridi humkumbuka akipuliza moto.

Bibi Rosa alirudi kwenye viatu, akasoma tena hapo. Kisha akainua kichwa.

“Mwanangu anabanwa na viatu mwaka mzima,” alisema, “na hakuna aliyeniambia.”

Agnes aliangalia miguu yake. Andrea alijikohoza.

“Paskalia, mwambie mama niliona ni mambo madogo.”

“Mwambie mwalimu, makubwa naletewa na jumbe wa kijiji. Kwa mwanangu nataka madogo.”

Alisema hivyo akitabasamu, na Agnes alipoona tabasamu lile alianza kucheka, na mara kijito kizima kikawa kicheko, Paskalia akishika mbavu, Andrea mabega yakimtikisika kule mbele. Wakati wanacheka, Bibi Rosa aliomba mkaa. Hawakuwa na karatasi. Paskalia alimpa ganda safi, naye akaliweka magotini akaandika, ulimi umemtoka kidogo pembeni ya mdomo, herufi moja inapanda nyingine inashuka: STEFANO VIVUE.

Posta ya Morogoro walikataa kupokea ganda la mgomba. Salum alitafuta karatasi, Bibi Rosa akaandika upya palepale mezani, mbele ya watu, na safari hii akaongeza neno la tatu, MAMA. Andrea alikwenda kusimama nje hadi alipomaliza. Kisha aliingia, akaichukua bahasha, akaandika juu yake jina la Stefano na la kambi yake kwa ule mwandiko wa kulala, na ikaondoka na garimoshi la mchana.