Ngoma ya Shamte

Sisi watu wa Baleni tulikuwa na njia yetu ya kumjua mtu. Hatukumwuliza kama anawapenda Wadachi waliotutawala au anawachukia. Tulisubiri Idi tuone anasimama kwenye ngoma ipi. Mashariki mwa uwanja palikuwa na zumari na ngoma za wazee wetu. Magharibi palikuwa na beni, yaani vijana waliovaa suruali na kupiga hatua kama askari wa boma la Chole, tarumbeta likilia mbele yao. Aliyesimama kule tulimhesabu mtu wa Mdachi, na ushahidi mwingine hatukuutaka.

Mimi Mwanasiti, mtungaji na mwimbishaji wa upande wetu, nilikuwa wa kwanza kuhukumu. Jirani yangu Abeid, mpuliza tarumbeta, nilimtungia wimbo wa kejeli mpaka mama yake akaacha kuja kisimani.

Mwaka ule akida wa Wadachi alileta karatasi ya majina ya watu wa kwenda bara kulima shamba la Mdachi. Mwaka uliotangulia walikwenda wanne, akarudi mmoja. Safari hii jina la ndugu yangu Ussi lilikuwamo, na Ussi alikuwa na pumu. Akipanda mnazi mmoja tu hukaa chini mpaka pumzi zimrudie. Huko bara asingemaliza hata msimu. Nikamficha kwenye kibanda cha shambani, njia ya Ndagoni. Tatizo likawa chakula, kwa sababu mtu wa akida alikuwa habanduki mlangoni kwangu.

Abeid alikuja mwenyewe kwa uani, akanong'ona. "Bi Mwanasiti, nasikia Ussi haonekani. Nina ngalawa. Nieleze alipo, nitamvusha mpaka kisiwa cha Juani kwa mjomba wangu."

"Kampulizie Mdachi tarumbeta lako," nilimjibu, nikaingia ndani. Nilijiona mjanja kweli.

Siri nikampa Shamte. Ningempa nani mwingine? Ndiye mpiga ngoma wetu. Akiishika ngoma, vikongwe huinuka vitini. Beni ikipita mbele yake alikuwa anatema mate. Nilimkabidhi kapu la mihogo na samaki wa kukaanga, nikamwelekeza njia yote mpaka kwenye mnazi uliopinda kando ya kibanda.

Siku ya tatu askari walikwenda moja kwa moja kwenye mnazi ule. Walimpitisha Ussi hapa kijijini amefungwa kamba, anakohoa, na askari mmoja amebeba kapu langu huku anatafuna mihogo.

Nilimkuta Shamte uani kwake anawamba ngoma.

"Ulimwambia nani?"

"Akida." Hakuinua uso. "Na jina langu lilikuwa kwenye karatasi ileile, dada. Amelifuta."

"Na mate yote yale uliyokuwa ukiwatemea?"

"Beni siipendi, wallahi. Inaniumiza masikio."

Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililonichoma. Angekuwa ametudanganya kwa ngoma, ningesema tumechezewa. Lakini ngoma yetu aliipenda kwa moyo wake wote, na kwa moyo huohuo alimuuza ndugu yangu.

Idi ikafika. Ussi alikuwa na miezi minne bara, na hapakuwa na habari yake. Wanawake wa upande wetu walinizunguka, na Kijakazi, mwitikiaji wangu, akanisukuma mbele.

"Anza na ule wa Abeid," akasema.

Shamte akapiga. Yarabi, alipiga vizuri siku ile kuliko siku zote. Wote walinitazama, wakingoja nitoe sauti. Nikajifunga kanga vizuri, nikakata uwanja mpaka upande wa pili, nyuma yangu minong'ono, mbele yangu vijana wa suruali wananikodolea macho.

Abeid akaacha kupuliza.

"Nisamehe," nilimwambia. "Nilikudhani mtu wao."

"Mimi napenda tarumbeta tu, Bi Mwanasiti," alisema, akalirudisha mdomoni.

Lilikuwa baya vilevile, linalia kama mbuzi aliyekanyagwa. Nilisimama karibu nalo mpaka jua likashuka na watu wakatawanyika. Muda wote huo miguu yangu, isiyo na haya, ilikuwa inafuata ngoma ya Shamte.