Hadubini ya Karatasi

Jumatatu, kipindi cha tatu, darasa la nne lilikuwa likichora hadubini. Wanafunzi walikuwa sitini na watatu, madawati kumi na mawili, na hadubini yenyewe ilikuwa stoo, nyuma ya ofisi ya mwalimu mkuu, ndani ya boksi lake, ndani ya nailoni yake, kufuli mlangoni. Ilikuwa na miaka sita humo. Ilikaa pamoja na vipimajoto, mizani, sumaku na brashi za rangi ambazo hazijawahi kulowa. Vyote vilikuwa msaada ulioletwa kwa ajili ya watoto, na kwa kuwa vilikuwa vya watoto, watoto hawakuruhusiwa kuvigusa, wasije wakaviharibu.

Basi walivichora. Mwalimu wa sayansi alichora ubaoni kwa chaki, wao wakanakili. Huyu watoto walimwita Mwalimu Majani, maana kila siku aliwaagiza majani, udongo, maganda ya mbegu na makopo matupu. Alishaotesha nao maharage kwenye pamba. Alishafinyanga nao moyo wa mtu, na mishipa yake yote, kwa udongo wa mtaroni. Rangi walitengeneza wenyewe: mkaa ukatoa nyeusi, majani yaliyopondwa yakatoa kijani, vipande vya tofali vikasagwa vikatoa nyekundu. Alifanya alichoweza kwa alichokuwa nacho, ila maharage, hata uyaoteshe vipi, hayawi hadubini.

Mbele kabisa, karibu na ubao, alikaa msichana waliyemwita Mbona. Jina la kwenye rejista alikuwa nalo, lakini tangu aanze shule kila akifungua kinywa lilitoka neno hilo, na watoto hawana dogo.

"Mbona lenzi yangu haioni, mwalimu?"

"Umeichora kwa papara. Futa, uanze tena polepole. Mduara usikatike."

Mbona akafuta, akaanza upya. Alichora mpaka ncha ya ulimi ikamtoka pembeni mwa mdomo. Alipomaliza, akachovya kidole kwenye chupa yake aliyoijaza kwenye tangi la shule, akadondosha tone moja pale alipoandika "jukwaa", akainamisha jicho kwenye karatasi.

"Mbona wana mikia?" akauliza.

Mwalimu Majani akainama naye akatazama. Ile lenzi ya mkaa ilikuwa inaona vizuri. Ndani ya tone walikuwamo wadudu tele, wengine warefu kama uzi, wengine wa mviringo wenye vinyweleo, wanasukumana kama watu kwenye mlango wa zahanati. Akainuka, akachukua kalamu nyekundu, akamsahihisha Mbona neno "jukwaa", maana alikuwa ameliandika kwa "a" moja.

Kisha akawapanga foleni, kila mtoto akatazama kwa zamu yake. Hakuna aliyepiga kelele. Walishafundishwa kwamba hadubini hukuza vitu, na hii ilikuwa inakuza, sasa cha kushangaa nini? Wakarudi kwenye nafasi zao wakaongeza bidii. Kabla kengele haijalia, kipimajoto alichochora mtoto wa dirishani kilikuwa kimepanda mpaka digrii thelathini na nane, ambalo ndilo lilikuwa joto la darasa lile chini ya bati. Mapacha wa nyuma nao walichora sumaku kwenye karatasi ya manila wakaibandika ukutani, na ikang'oa misumari yote ya madawati manne. Waliokuwa wamekalia madawati hayo wakakaa sakafuni. Nusu ya darasa walikuwa sakafuni tangu mwaka uanze, kwa hiyo walisogezwa tu kidogo.

Mwalimu Majani hakuwa na muda wa misumari. Mdogo wake Mbona, wa darasa la kwanza, alikuwa na wiki mbili hajaonekana shuleni, yuko nyumbani anaharisha. Darasani kwao walikosekana watoto kumi na mmoja. Wote walikunywa kwenye tangi moja, lile la nyuma ya vyoo, ambalo mfuniko wake ulipasuka na ambalo halijaoshwa tangu mwalimu mkuu aliyetangulia alipostaafu. Mwalimu Majani alishaandika barua tatu kuhusu tangi hilo. Zote zilijibiwa kwa swali moja: ushahidi uko wapi? Sasa ushahidi alikuwa nao, tena unaogelea, akaukunja vizuri ili aupeleke ofisini.

Hakufika mbali. Mwalimu mkuu alikuwa anakuja mwenyewe, tena kinyumenyume, anavutwa na ile sumaku kwa bunda la funguo alilovaa kiunoni. Akaingia mlangoni, akapita mbele ya ubao, akanasa ukutani kwa nyonga.

"Shikamoo mwalimu mkuu!" darasa likasimama.

"Marahaba, kaeni." Akajaribu kujibandua, akashindwa, akaegemea kama mtu aliyependa mwenyewe kusimama pale. "Mwalimu, darasa lako lina kelele za misumari."

"Afadhali umekuja, mkuu. Hebu tazama maji haya wanayokunywa watoto."

Akaikunjua karatasi, akamshikia pale pale ukutani. Mwalimu mkuu akafumba jicho moja, akatazama kwa la pili. Alitazama kwa muda mrefu kuliko alivyokusudia, kisha akakohoa.

"Huu ni mchoro," akasema.

"Ndiyo, ni mchoro. Lakini unaona."

"Mwalimu, mchoro ni mchoro. Ofisi ya elimu haipokei wadudu wasiotoka kwenye kifaa kilichosajiliwa."

"Basi nipe ile ya stoo. Dakika kumi tu. Funguo si hizo hapo?"

"Ile ni ya wageni."

"Wageni gani, mkuu? Watoto wanaharisha!"

"Mkaguzi anakuja Alhamisi. Siku hiyo stoo itafunguliwa, utaiona, utaishika, roho yako itulie. Subira yavuta heri. Sasa naomba sumaku hii ikunjwe, nina kikao."

Mwalimu Majani akazitazama zile funguo. Zilikuwa zimebanwa ukutani, kiasi cha shibiri moja kutoka mkononi mwake, na mwenye funguo hakuweza hata kugeuka. Hasira zilimpanda mpaka masikio yakaziba. Angezichukua tu! Watoto sitini na watatu walikuwa wanamtazama wakimwombea azichukue. Lakini alikuwa na barua mbili za onyo kwenye faili lake, na mama mzazi na watoto wawili waliokuwa wakila kwa kazi hiyo. Akaikunja sumaku, akamrudishia Mbona karatasi yake. Mwalimu mkuu akarekebisha mkanda, akaenda kwenye kikao chake. Siku nzima Mwalimu Majani alijichukia, na kusema kweli alikuwa na haki ya kujichukia.

Jumanne na Jumatano alibeba maji ya kuchemsha kutoka nyumbani, dumu la lita ishirini, mpaka bega likavimba. Darasa la kwanza peke yake liliyamaliza kabla ya mapumziko. Akaenda jikoni kuomba wamchemshie mengine. Akajibiwa kwamba kuni zilizopo ni za chai ya walimu. Alirudi darasani akafundisha mzunguko wa maji katika mazingira, maana ndivyo ratiba ilivyotaka.

Alhamisi stoo ikafunguliwa. Meza ikatandikwa kitambaa cha kijani, vifaa vikapangwa juu yake kwa urefu, na kila kimoja kikawekewa kikaratasi cha USIGUSE. Watoto nao wakapangwa ukutani kwa urefu, mikono nyuma. Mkaguzi alikuwa mtu mpole, ana fomu kwapani na chupa yake ya maji ya dukani mkononi.

"Watoto, mnajifunza kwa vitendo?" akauliza.

"Ndiyooo!" wakaitika, kama walivyofanyishwa mazoezi tangu asubuhi. Mkaguzi akaweka tiki.

Mwalimu Majani hakungoja kukaribishwa. Akaivua hadubini ile nailoni mbele ya mgeni, akaweka tone la tangi kwenye kipande cha kioo, akatazama. Giza. Akazungusha skrubu huku na huku. Giza tupu. Unyevu wa miaka sita ulikuwa umeingia ndani ya nailoni, na lenzi ilikuwa imeota ukungu mweupe kama mkate uliosahauliwa kabatini. Imeletwa kutoka mbali ili watoto waone, ikapofushwa kwenye boksi kabla ya kuona hata mguu wa nzi! Alitamani kuipasua sakafuni. Akaiweka mezani taratibu.

"Mbona usimwonyeshe kwa yangu?" akasema Mbona, akitoa mkono nyuma na karatasi yake, tone jipya la tangi likiwa juu yake.

Mkaguzi akaweka miwani juu ya paji la uso, akainama. Ujanani alisomea sayansi, na alikuwa hajaisahau.

"Hawa warefu ni minyoo," akasema kwa sauti ya kufundisha. "Na hawa wenye vinyweleo, mnawaona? Hawa ndio wanaowaharisha watoto. Wako wengi sana. Safi kabisa."

Mwalimu Majani akamsogelea. "Kwa hiyo utaandika, mheshimiwa?"

"Nitaandika." Akaandika pale pale, kisha akasoma kwa sauti, kwa sababu ndio utaratibu wa ukaguzi. "Vifaa vipo, vimetunzwa vizuri, havina hata mkwaruzo. Wanafunzi wanachora kwa ufanisi."

"Na maji?"

"Maji ni idara ya maji, mwalimu. Mimi ni elimu."

"Lakini umewaona kwa macho yako! Umesema mwenyewe ndio wanaowaharisha watoto!"

"Nimewaona, sijakataa." Akafungua chupa yake, akanywa mafunda mawili, akafunga. "Andika barua, uipitishe kwa mwalimu mkuu."

Kisha, kwa moyo mwema kabisa, akachukua kalamu akamsahihishia Mbona kazi yake. Akampa sita juu ya kumi. Zile nne alizipunguza kwa sababu mchoro wa kwenye kitabu hauna wadudu. Akamkumbusha pia mwalimu mkuu kwamba mchoro unaofanya kazi si mchoro tena, ni kifaa, na kifaa cha shule hakikai kwenye begi la mtoto. Mwalimu mkuu akaipokea ile karatasi kwa mikono miwili, akaigonga muhuri wa shule. Muhuri ulitua juu ya lenzi.

"Aibu!" Mwalimu Majani akapiga meza, vipimajoto vikalia. "Mtafungia stoo kila kitu mpaka macho ya hawa watoto! Mna roho gani nyinyi? Wakifa mtawagonga muhuri?"

"Mwalimu, punguza sauti, tuna mgeni," akasema mwalimu mkuu.

Barua ya tatu ya onyo ilimfikia kabla ya kengele ya mchana. Kipimajoto, sumaku na hadubini ya karatasi viliandikwa kwenye daftari la vifaa, vikaingizwa stoo vikiwa vimekunjuliwa, pamoja na wenzao, na ufunguo ukazungushwa mara mbili. Watoto wakatangaziwa kwamba kuanzia hapo ni kalamu ya wino tu, kunakili kutoka ubaoni. Mkaa na majani ni uchafu. Tangu siku hiyo mwalimu mkuu hutembea amelalia upande wa stoo, funguo zikiwa zimenyooka mbele yake, na akikaa kwenye kikao hufungwa kamba kwenye kiti. Walimu wamezoea.

Jumatatu iliyofuata, Mwalimu Majani alikuwa ubaoni anaandika kichwa cha somo kabla watoto hawajarudi kutoka mapumziko. Jua lilikuwa kali. Lile dumu lake lilikwisha saa nne kasoro. Kupitia dirishani aliwaona kwenye foleni ya tangi, na aliwasikia, maana dirisha halikuwa na kioo. Mdogo wake Mbona alikuwa amerudi shule siku hiyo. Shingo imekuwa nyembamba, sare inamning'inia.

Mbona akafungulia bomba, akajaza kikombe, akakiinua kwenye mwanga.

"Dada, bado wamo?"

Mbona akatazama kwa macho matupu, muda mrefu, mpaka wa nyuma kwenye foleni wakaanza kulalamika.

"Wamelala," akasema. "Kunywa upesi, kabla hawajaamka."

Mdogo wake akanywa yote, akafuta mdomo kwa mkono wa sare, akarudi darasani.