Ndoo Tupu

Daktari aliniambia nitembee taratibu kila asubuhi, kwenye njia tambarare, nisibebe kizito, na maumivu yakianza nirudi. Kibofu kimeniuma miaka sasa, na kila nikipima mkojo naambiwa ni safi. Hata mume wangu, Sadiki, ameanza kuniona najidekeza.

Nikachagua njia ya zamani ya wapagazi, maana haina vilima. Lakini hapa Ntalikwa mwanamke mzima hatembei mikono mitupu. Ukionekana njiani huna chochote, utaulizwa msiba uko wapi. Kwa hiyo nilibeba ndoo tupu, watu wadhani nimetumwa, waniache.

Nilifika mbali bila kuumwa, nikakaribia kufurahi. Ndipo Mama Kashindye, mwenye shamba la mwisho, akaniona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwanne. Mwanangu, upite kwangu na ndoo tupu?"

Akaijaza viazi vitamu mpaka juu, akanitwisha mwenyewe. Ningemwambia nini? Kwamba chini ya kitovu pananiwaka moto usioonekana kwenye vipimo? Zawadi ya mkubwa hairudishwi. Nilishukuru, nikageuka nayo kichwani.

Nyumbani niliitua mlangoni, nikakimbilia chooni. Nilikaa humo nikiuma kanga, matone yakitoka kama pilipili. Nilipotoka nikijishikiza ukutani, Sadiki alikuwa amesimama mbele ya ndoo, anatabasamu. Sikumbuki lini nilimwona akitabasamu hivyo.

"Kumbe umepona," akasema. "Basi kesho utateka maji mwenyewe."